Avumaye Baharini ni Papa, Mla Chambo ni Bunju

Papa amesifiwa vya kutosha. Ana methali yake, ana filamu zake, ana mchuzi wake wa nazi unaowatoa watu nyumba ya tatu kwa harufu, na sifa iliyokamuliwa kwenye maini yake ndiyo iliyopakwa mbao za majahazi ya pwani hii vizazi na vizazi. Hata wala rushwa wakubwa tumewapa jina lake, na wenyewe hawaonekani kuchukia. Lakini methali ile ile inayomtaja papa inamalizia kwa kutukumbusha kwamba baharini wengi wapo, na katika hao wengi yuko mmoja ambaye sijasikia harusi iliyomwimba wala jahazi lililobeba jina lake. Namsema bunju: mfupi, mnene, mwenye sumu, mwizi wa chambo. Leo ni zamu yake, na nitamsifia pale pale kazini kwake, ufukweni siku ya Jumamosi, baba na binti yake wakiwa wametupa mshipi kumngoja papa.

Kwanza mjue papa anavyoandaliwa. Anayetaka kumvua kutoka nchi kavu huanza safari alfajiri. Hupita soko la samaki la Feri kununua vibua, huvuka kwa pantoni hadi Kigamboni, kisha hushika njia ya kusini kuelekea Kimbiji, ambako bahari iko wazi na wimbi linafika na nguvu zake zote. Mshipi ni mnene, chubwi ni zito, ndoana ni kubwa kuliko kidole cha mtoto, na kati ya mshipi na ndoana hufungwa kipande cha waya, maana meno ya papa hayajali nailoni. Hungojwa maji yajae, hasa siku za bamvua, jua likianza kushuka, saa ambazo papa husogea maji mafupi kutafuta riziki. Binti yangu hubeba ndoo. Mimi hubeba maelezo: papa ananusaje, papa anasikiaje, papa atavutaje. Kila kitu, kuanzia waya mpaka hekaya, kimeandaliwa kwa ajili yake. Bunju hakuna aliyemtaja. Na bado, kibua kikishatua chini, wa kwanza kubisha hodi ni yeye.

Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza: hakawii. Papa ana tabia za mgeni rasmi. Mnamtandikia, mnampangia vigelegele, saa zinakwenda, viti vinapata moto, na jioni mnaambiwa amepata udhuru. Bunju hangoji kadi. Awe bamvua au maji mafu, kusi au kaskazi, yupo, na utamjua kwa kidole. Ukiulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, papa huunyakua kwa mkupuo mmoja. Bunju hugonga: tk, tk, kimya, tk, tk, kimya. Ukivuta unapata ndoana imesafishwa mpaka inang'aa, haina hata gamba la kibua. Siku akiamka vibaya hata hiyo ndoana huioni: amepanda juu ya waya na kuukata mshipi pale penye nailoni tupu, mkato mmoja, safi, na wewe umebaki na mita kadhaa za uzi na mtoto anayekutazama usoni.

Wala tusiutazame ufupi wake tukadhani hana ukoo. Bunju ni ndugu wa kikande, na wote wawili wanahesabiwa kundi moja na mola, samaki mzito kuliko wote wenye mifupa, anayeweza kupita tani mbili. Papa, pamoja na kuvuma kwake kote, hana mfupa hata mmoja. Mwili wake unashikiliwa na gegedu. Bunju mifupa anayo. Mbavu hakupewa, na hilo lisihesabiwe upungufu, kwani mwenye mbavu hawezi kujaza tumbo maji mpaka akawa duara. Badala ya safu za meno ana mabamba manne, mawili juu na mawili chini, yaliyoungana kuwa mdomo mgumu wa kuvunjia kaa na makombe, nayo huendelea kuota kadiri yanavyosagika. Macho anaweza kuyafumba, jambo ambalo samaki wengi hawaliwezi. Na mwaka 2002, wanasayansi walipoisoma jenomu ya bunju mmoja wa Japani, waliikuta ni kama moja ya nane ya yetu. Samaki huyu hakupewa maneno mengi, na bado anajua kutushinda.

Uso kwa uso, adabu zake zinatosha kumnyamazisha mtu mzima. Binti yangu alimvuta mmoja mwenyewe mpaka mchangani: hakuzidi kiganja, mgongo wa kijani wenye madoa, tumbo jeupe. Alipogusa mchanga akaanza kujaa. Likaanza koo, likafuata tumbo, vijiba vikasimama kimoja baada ya kingine, mpaka akabaki duara lenye macho mawili na kimkia kisicho na kazi. Akasaga meno, krr, krr. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka mwambani na pweza wake akasimama kututazama.

"Shikamoo babu," binti akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnavua nini hapa?"

"Papa."

Mzee akaitazama ndoana yetu, akalitazama lile duara. "Papa wenu amenenepa," akasema.

Kisha akachutama, akamwonyesha mtoto namna ya kumshika kwa kitambaa kibichi, mbali na mdomo, na kumtia chini ya maji palepale, asiendelee kumeza upepo. Akijaa upepo, alisema, huelea tumbo juu na kuzama hawezi. Bunju akakaa kidogo mikononi, akatema alichomeza, akarudi umbo lake, akaondoka bila haraka. Nina hakika alikwenda moja kwa moja kwenye kibua chetu kilichofuata.

Wakubwa wa dunia wanamfahamu. Mwaka 1774, katika safari yake ya pili, nahodha James Cook alitia nanga New Caledonia, akaletewa samaki wa ukoo huu. Usiku wakaonja ini lake yeye na wataalamu wawili wa viumbe, Forster baba na Forster mwana, ili ijulikane kwamba baba na mtoto kuhangaishwa na bunju si jambo lililoanzia Kimbiji. Kabla hakujapambazuka walikuwa wamekufa ganzi viungoni, na Cook aliandika kwamba mkononi mwake chombo kilichojaa maji na unyoya vilikuwa na uzito mmoja. Watatu hao walipona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule hakupona. Huko Japani, ambako bunju huliwa kwa bei kubwa, mpishi haruhusiwi kumwandaa mpaka apate kibali maalumu. Mwaka 1975, mwigizaji maarufu wa kabuki, Bandō Mitsugorō wa Nane, aliyekuwa ametangazwa hazina hai ya taifa, aliagiza maini ya bunju katika mgahawa mmoja mjini Kyoto, akala sahani nne, akafariki. Sasa niambieni, ni papa gani ambaye kuingia kwake jikoni kunahitaji mtihani na leseni?

Na ni fundi wa kuchora. Karibu na kisiwa cha Amami Ōshima, kusini mwa Japani, wapiga mbizi walikuwa wakiona kwenye mchanga wa chini ya bahari miduara ya upana wa kama mita mbili, yenye matuta na mifereji iliyopangwa kwa vipimo, wasijue ni kazi ya nani. Ikaja kugundulika kuwa mchoraji ni bunju dume mwenye urefu wa sentimita kumi na kitu, anayelima mchanga kwa mapezi yake usiku na mchana kwa wiki nzima au zaidi, kisha anapamba matuta kwa vipande vya makombe. Jike akija akaridhika, hutaga katikati. Mwaka 2014 bunju huyo alipewa jina lake rasmi la kisayansi. Papa dume, katika shughuli hiyo hiyo, humng'ata jike mbavuni. Malezi mema yanajulikana.

Na kwa kuwa nimetaja malezi, hapa ndipo ilipo sifa ninayoithamini kuliko zote. Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi, ila hawakusema umkunje vipi mtoto aliyekaa juu ya ndoo tangu saa sita akingoja samaki asiyetokea. Kumngoja papa hakuna kazi ya mtoto ndani yake. Ni kukaa tu na kuambiwa asipige kelele. Bunju ndiye anayempa mtoto kazi. Kila baada ya dakika chache mshipi unavutwa, kibua kinakatwa, chambo kinafungwa upya kwa uzi ili kisiibwe kirahisi, fundo la waya linarudiwa. Mtoto aliyekuja hajui kufunga fundo, jioni anafunga bila kutazama, na anajua vibua vingapi vimebaki na vitatosha mpaka saa ngapi. Hizo ni hesabu, na hakuna aliyeziita hesabu.

Halafu kuna mazungumzo. Nyumbani nikimwuliza habari za shule, jibu ni "nzuri," na mlango unafungwa. Ufukweni, macho yake yakiwa kwenye fundo na mikono ikinuka kibua, anaanza mwenyewe: nani haongei na nani siku hizi, mwalimu gani anapita haraka mno kwenye sehemu, kwa nini kiti cha nyuma amekihama. Mimi najibu kidogo, kwa sababu nina kazi ya kukata chambo. Papa angekuja wakati ule angeyakatiza yote. Tungepiga kelele, tungekimbizana na mshipi, tungepiga picha, na yale maneno yangerudi yalikotoka.

Najua mtasema: lakini ni mwizi. Sikatai. Ila tuupime wizi wake kwa haki. Bunju huiba saa za kazi, mbele ya macho ya mwenye mali, tena baada ya kugonga. Akila kipande cha kibua, kimepungua kipande cha kibua. Hakuna kamati itakayoundwa wala ripoti itakayokawia. Haibi ili ajenge. Wale mapapa wetu wa nchi kavu wangekuwa na nusu ya uwazi huo, barabara nyingi zingekuwa na lami.

Tena wizi wake una faida kwa taifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua duniani kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na kinachowamaliza ni uvuvi. Papa wakubwa wengi huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa, na wakizaa hawazai maelfu kama dagaa. Papa nyundo wakubwa wako kwenye hatari ya kutoweka kabisa. Mwaka 2022, huko Panama, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuiwekea udhibiti biashara ya ukoo mzima wa papa ambao wengi wa papa wa pwani zetu wamo. Na yale maji mafupi tunayotupia ndoana ndiyo ambamo papa wadogo wengi hukulia. Maana yake ni kwamba tunampeleka mtoto wetu kujifunza kuvua kwenye chekechea ya watoto wa mwenzetu.

Nani anasimama katikati? Bunju. Kila kipande cha kibua anachokimaliza ni kipande ambacho papa mchanga hakukimeza pamoja na ndoana. Anafanya doria usiku na mchana, hana boti ya serikali, hana sare, hadai mafuta, hajawahi kuomba posho ya kikao. Mvuvi wa wikendi anamlaani, anakusanya vitu vyake, anarudi mjini mikono mitupu, na papa anabaki baharini anakostahili kuwa. Kama kuna mhifadhi anayetimiza malengo yake yote ya mwaka, ni huyu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, Jumamosi ikifika mchukue mwanao mwende, na vibua mnunue vya kutosha, mkijua vingi si vya papa. Tumieni ndoana ya mviringo, ambayo kwa kawaida hushika pembeni mwa mdomo badala ya kuzama tumboni. Papa akija kweli, msimburute mchangani. Kateni waya karibu na mdomo akiwa bado majini, aende. Bunju akija, na atakuja, mwondoeni taratibu kwa kitambaa kibichi, vidole mbali na meno, mkamrudishe. Ila msimtie ndooni hata awe mnene kiasi gani. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuizimua. Aliyekula samaki asiyemjua kisha akahisi ganzi midomoni akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani anachoweza daktari ni kumsaidia kupumua mpaka sumu imwishe mwilini. Sifa za bunju zote ni za baharini. Jikoni hana hata moja.