Upanga Mwepesi, Ulimi Mzito

Katika filamu ya Ang Lee ya mwaka 2000, Crouching Tiger, Hidden Dragon, yumo shujaa wa zama za nasaba ya Qing, Li Mu Bai, ambaye huruka juu ya mapaa na kusimama wima juu ya matawi ya mianzi kana kwamba ardhi haimhusu, lakini kumtamkia Yu Shu Lien neno la mahaba ni kazi iliyomshinda miaka mingi, eti kwa kuwa bibi huyo alikuwa mchumba wa marehemu nduguye wa kiapo. Taadhima hiyo naistahi, ingawa marehemu, wallahi, hakuulizwa. Basi hadithi ikasubiri mpaka bwana achomwe sindano ya sumu, dawa ingali njiani, na bibi amsihi aitunze pumzi yake. Ndipo alipoitumia yote kukiri mapenzi, nasi watazamaji tukajifuta machozi kwa adabu, tusithubutu kuuliza ulimi ulikuwa wapi siku zote zile. Filamu hiyo ilitunukiwa Oscar 4, moja ikiwa ya muziki. Ile ya uandishi iliishindania, ikaikosa.