Miji Tisa kwa Wiki Mbili? Tuhesabu Kurudi Nyuma

Ratiba ya kwanza ya safari ya Ulaya huandikwa na njaa. London, Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice, Roma: miji tisa, siku 14, na wa kuitembeza yote ni wewe na miguu miwili. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika tisa hata tiketi zitamponyoka. Napenda treni za Ulaya kwa moyo wote, ndiyo maana siwezi kunyamaza mtu anapopanga kuzipanda huku akisinzia. Basi leta kalamu nyekundu. Tunaanzia namba 8 kushuka hadi 1, na kila namba inakata kitu.

8. London

Najua, inauma. Lakini Uingereza haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazofunguliwa kwa viza moja. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, hiyo ni viza nyingine, ada nyingine na foleni nyingine. Mtego mkubwa zaidi ni huu: ukiingia Paris kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, ukavuka kwenda London, hurudi tena. Viza imekwisha, hata kama siku zake hazijaisha. Na ile Eurostar ya saa mbili na dakika kama 20 kati ya London na Paris ina ukaguzi wa pasipoti kabla ya kupanda, kwa hiyo huwezi kuitokea mbio kama daladala. Kama una shangazi mjini Reading, nenda kwa shangazi Reading. Huyo ni safari nzima peke yake, na hatakuachia uondoke baada ya usiku mmoja.

7. Sanduku la pili

Mizigo kwenye treni haipimwi kilo, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Aliyezoea Madaraka Express anajua kufika mapema na kupitisha begi kwenye ukaguzi. Ujerumani na Uswisi hakuna geti: unatoka barabarani hadi kwenye jukwaa, unapanda. (Uhispania wao hukagua mizigo kwenye treni za mwendokasi.) Uhuru huo una gharama yake, maana hakuna atakayekubebea. Ngazi za behewa ni zako, na treni ikisimama stesheni ya njiani husimama dakika chache tu. Sanduku usiloweza kulipandisha mwenyewe si mzigo, ni mpangaji.

6. Imani kwamba mji una stesheni moja

Paris ina stesheni kubwa kadhaa na hazijuani. Ukitoka Amsterdam unashukia Gare du Nord. Ukienda Uswisi unapandia Gare de Lyon, upande mwingine wa mji. Treni ya mjini, RER D, inaziunganisha kwa vituo viwili tu, lakini jipe saa moja na nusu, kwa sababu utapotea mle chini kabla hujaona hicho kituo cha kwanza. Venice nayo ina mbili za kuangalia: Mestre iko bara, Santa Lucia iko visiwani. Ukishuka Santa Lucia unatoka mlangoni unakutana na Mfereji Mkuu. Ukishuka Mestre unakutana na basi.

5. Pasi uliyonunua kabla ya kupiga hesabu

Pasi za treni ziko mbili. Eurail ni ya anayeishi nje ya Ulaya, Interrail ni ya mkazi wa Ulaya. Kwa hiyo kijana wa Nakuru anayefanya kazi Stuttgart atanunua Interrail, na mama yake anayekuja kumtembelea atanunua Eurail, wakae kiti kimoja na kingine. Pasi ya nchi zote inafunguka katika nchi 33, na ukisikia hivyo moyo unaruka.

Subiri utue. TGV za Ufaransa, Eurostar na Frecciarossa za Italia zinadai uweke nafasi na ulipie nafasi hiyo juu ya pasi. Eurostar huwatengea wenye pasi viti vya kuhesabika, na vikiisha vimeisha. Kwa safari ya treni tano au sita ulizozijua miezi kabla, tiketi za mojamoja zilizokatwa mapema mara nyingi hushinda pasi kwa bei, maana tiketi za mwendokasi hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Pasi inang'aa kwa anayezunguka Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako treni nyingi hazilazimishi nafasi na unaweza kuamka asubuhi ukabadili mawazo.

Ninachokihofia zaidi si bei. Aliyenunua pasi ya siku 10 huanza kutafuta treni za kuijaza. Dada yangu, pasi si deni. Ukibaki Paris ukila mkate na jibini ukingoni mwa Seine, hakuna atakayekuja kukudai.

4. Treni ya usiku kama hoteli ya bure

Ipande, tena kwa furaha. Nightjet za shirika la reli la Austria, ÖBB, zina viti, zina vitanda vya kushirikiana chumba na zina vyumba vya faragha, na kulala nchi moja ukaamkia nyingine ni raha ya kweli. Ila si bure, na asubuhi utashuka saa moja wakati chumba cha hoteli kinafunguliwa saa tisa alasiri. Usiku mmoja ni hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Usiku wa tatu, wajukuu watasimuliwa habari za mgongo. Na usikichague kiti ili kuokoa hela: siku ya kesho yake utailipa kwa kulala kwenye makumbusho.

3. Kuunganisha treni kwa dakika nane

Sifa ya saa ya Kijerumani ilikuja Afrika Mashariki mapema kuliko habari za reli yake. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na pale iliyochelewa chini ya dakika sita huhesabiwa imewahi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakurudishia robo ya nauli treni ikichelewa kufika kwa saa moja, na nusu ikichelewa saa mbili. Ahsante, lakini robo ya nauli haikupeleki Prague.

Dawa iko kwenye kukata tiketi. Tiketi moja ya safari nzima inakulinda: ukikosa treni ya pili kwa sababu ya ya kwanza, wao ndio wa kukufikisha. Tiketi mbili ulizozishona mwenyewe hazikulindi. Hapo acha saa nzima katikati, na usipange kamwe kupanda treni ya mwisho ya siku. Uswisi peke yake ndiko ninakotulia, maana kule ratiba zimefumwa ili treni zikutane stesheni, na dakika saba zinatosha na chenji inabaki.

2. Ubalozi uliochagua kwa sababu foleni yake ni fupi

Viza ya Schengen inafungua nchi 29, lakini maombi yanapelekwa kwa nchi moja: ile utakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, ndipo unakwenda kwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo hesabu ya usiku si ya starehe tu, ndiyo inayokuonyesha mlango wa kubisha. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima isipungue yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kusubiri siku ya 15 ni kucheza na moto, hasa kuelekea Juni.

Sasa itazame tena ile karatasi ya miji tisa kwa jicho la afisa. Kila mji unataka uthibitisho wa malazi. Ni hoteli tisa za kuweka, tisa za kuchapisha, na tisa za kufuta wakikunyima. Chukua zinazokubali kufutwa bila gharama, na tiketi za treni zisizorudishwa zisubiri viza ibandikwe.

1. Siku

Naam, futa siku. Hesabu usiku. Kila kuhama kunakula nusu ya siku, hata treni iwe ya kasi gani: kufunga mizigo, kurudisha ufunguo, kufika stesheni, saa tatu na dakika 20 kutoka Amsterdam hadi Paris, kuitafuta hoteli, na jua limeinama. Miji tisa ina mahamisho manane, yaani siku nne nzima za kukokota sanduku. Miji mitano ina manne, siku mbili. Na mji uliopewa siku moja ukikutana na Jumanne, Louvre imefungwa. Utamwambia nini Mona Lisa?

Chini ya usiku mbili, mji usiingie kwenye karatasi. Yangu ina usiku 14: Amsterdam 3, Paris 4, Luzern ya Uswisi 2, Venice 2, Roma 3. Italia ina tano, imeizidi Ufaransa, kwa hiyo maombi yanakwenda Italia ingawa ndege inatua Uholanzi. Kata tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, usije ukarudi Amsterdam kuifuata ndege tu.

Na zile siku mbili ulizookoa, nakuomba uzitumie hapa: kutoka Luzern kwenda kusini. Treni za haraka huingia handaki la chini la Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa 2016, na utaona giza la hali ya juu kabisa. Wewe chukua njia ya zamani ya mlimani, ya mwaka 1882. Inaongeza kama saa moja. Pale Wassen reli inapanda kwa kujizungusha ndani ya mlima, na kanisa dogo jeupe la kijijini unaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, halafu mko sawa, halafu liko chini. Wahandisi wa karne ya 19 walifanya hivyo ili treni ipande bila kuteleza, na mpaka leo abiria huacha simu zao wakachungulia. Mwenye miji tisa hana hiyo saa. Wewe unayo.

Ukifika Bellinzona unabadili treni kwenda Milan, kisha Venice, kisha Roma, ndege. Prague je? Daraja la Charles lilianza kujengwa 1357. Halihami mwaka huu.