Maneno Matano ya Kukosa Uimara, Kuanzia la Mkiani Hadi Bingwa

Keti kijiweni Likunja, wilayani Ruangwa, msimu wa korosho, utayasikia yote kabla chai haijapoa. Nimeyapanga. Kubisha ruksa.

5. Kupepesuka
Hili ni la miguu tu. Mabibo ya korosho yakiiva, pombe yake ya uraka haikawii, na barabara ya kwenda Ruangwa huwa nyembamba ghafla. Hukumu: linachekesha, ila kufika asubuhi limeshaisha.

4. Kigeugeu
Linatokana na kugeuka, likarudiwa kwa sababu mara moja haikutosha. Hukumu: kali, lakini meza mbovu huwezi kuiita hivyo.

3. Kutetereka
Mguu ndio hutetereka. Wengine wote "hawatatetereka". Wanasiasa wamelichosha. Waliolistahili hilo "hawatatetereka" ni wapigania uhuru wa FRELIMO waliofunzwa Nachingwea: mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru. Hukumu: shaba, na salamu ya heshima.

2. Kulegalega
Mzazi wake ni kulegea. Kitu hakijaanguka, lakini kila anayepita anakikwepa. Mfano mkubwa tunao wenyewe: mradi wa karanga wa Waingereza. Ulianza 1947, ukaachwa 1951. Kwa ajili yake ilijengwa reli mpaka Nachingwea. Treni ikawa tayari, karanga za kubeba hazikuonekana. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa kama jino. Hukumu: fedha. Lingekuwa la kwanza, ila halina tumaini ndani yake.

1. Kuyumba
Bingwa! Ni neno la chombo kinachopigwa na upepo baharini. Likunja haina bahari, lakini ina korosho, na bei ya korosho inajua mawimbi. Mwaka 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, mpaka Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Siku zile hukusikia mtu akisema bei imelegalega. Imeyumba, walisema, maana kinachoyumba huweza kukaa sawa tena. Kwa sababu hiyo mkulima hufunga kitambaa puani, akabeba mashine mgongoni na kuipulizia mikorosho salfa mwaka mwingine tena. Hukumu: dhahabu, bila mjadala.

Haya, mjadala upo. Anayeipigania legalega alete hoja kijiweni. Ila bei iyumbe vipi, usiuze korosho kwa walanguzi wa kangomba zikiwa bado maua mtini.