Waraka kutoka Uingereza Kuhusu Robo Isiyo Robo

Jamaa walioko nyumbani, ambao kwa miaka mingi wameamini kwamba Uingereza ilikwisha kumalizana na mambo ya vipimo, wafahamishwe kupitia waraka huu kwamba katika mabanda yaliyo nyuma ya nyumba za nchi hiyo wamo wazee wastaafu, watu wa heshima zao, wanaoshinda Jumamosi nzima wakibishana juu ya robo ya inchi. Kinachobishaniwa ni boila ndogo ya mvuke, yaani chombo cha shaba, mara nyingi kisichozidi sufuria ya ugali kwa ukubwa, ambacho huchemsha maji ili kuendesha mfano wa gari la moshi. Na maji hayo, ijapokuwa yamechemka barabara katika nchi inayosifika kwa chai, hayanywewi na mtu. Waliowahi kusimama kando ya Mount Gelai, injini nambari 5918 iliyoundwa Manchester na sasa imo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, wana haki ya kuuliza kwa nini mtu mzima ahangaike na ile inayotosha mezani.

Kila kifaa kinachofungwa kwenye boila hiyo, iwe koki, geji ya presha au valvu ya usalama, ambayo kazi yake ni kuachia mvuke kabla presha haijapita kiasi, huingia kwa hesi, yaani mfuo unaozunguka kama ule wa parafujo. Hesi hutambuliwa kwa kipenyo chake, kwa idadi ya meno katika inchi moja na kwa pembe ya jino lenyewe, ambayo Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 iwe digrii 55, kabla Mmarekani William Sellers hajaja mwaka 1864 na digrii 60 zake. Wapenzi wa boila ndogo hutumia zaidi hesi zinazojulikana kwa herufi ME, zenye meno 32 au 40 kwa inchi, kwa kuwa jino kubwa lingekula ukuta mwembamba wa bomba hadi usibaki ukuta.

Lakini injini za mvuke za kuchezea za Mamod, zilizoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1937, zina valvu ya usalama ya robo inchi yenye meno 26. Kwa hiyo mteja anayepiga simu dukani kuagiza valvu ya robo huulizwa, kwa adabu yote ya Kiingereza, "Robo ipi?", na aghalabu hukata simu aende akahesabu meno.

Hesi inayokataa kabisa haina madhara. Ya kuogopwa ni ile inayokubali nusunusu, kwa mfano valvu yenye hesi ya milimita 6, ambayo meno yake yameachana kwa milimita 1, inapotiwa katika tundu la robo inchi lenye meno 26, ambalo kipenyo chake ni milimita 6.35 na nafasi ya meno ni takriban milimita 0.98. Huingia bila ubishi, huku ikichezacheza. Mwenye haraka huizungushia tepu nyeupe hadi ikatulia, naye hutulia pia, ilhali tepu huziba tu upenyo na haishiki kitu, na presha ikipanda valvu ya usalama yenyewe ndiyo inayoruka hadi darini.

Jamaa wasicheke. Bomba la "nusu inchi" linalouzwa Kariakoo halina hesi ya nusu inchi: ukiipima kwa nje utapata karibu milimita 21, kwa sababu jina lilitokana na uwazi wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, na thumuni ya mabomba hayo, inayotumika pia kwenye boila kubwa kidogo, ni milimita 9.73, yaani takriban mara tatu ya jina lake. Nusu ya Marekani nayo ina meno 14 sawasawa na ya Uingereza, ila pembe ni nyingine, ndiyo maana huingia mizunguko kadhaa ikivuja kwa unyenyekevu.

Boila mpya hukaguliwa kwa kujazwa maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya presha ya kazi, kwa kuwa maji hayabonyei sana na kiungo kikipasuka huloa viatu tu. Mkaguzi, naye mzee wa banda, huchuchumaa na tochi akipitia kiungo kimoja kimoja. Akiona tone, cheti hakitolewi, na mwenye boila huahidi kurudi Jumamosi, bila kutaja ya mwezi gani.