Mnazi wa Rehani

Ugomvi ulioingia nyumbani kwetu Kilindoni, kisiwani Mafia, Mei 2024 chanzo chake ni diski mbili zilizouzwa bila mimi kuambiwa.

PS4 yenyewe ilikuwa ya mtumba. Ilitoka Dar kwa basi mpaka Nyamisati, ikavuka bahari ndani ya ndoo ya plastiki, imefungwa kwa kanga zangu mbili kuukuu. Ilikuja na diski tatu: ya mpira, ya magari na ya ngumi. Diski hizo zilizunguka ukoo mzima. Zilikwenda Utende kwa watoto wa dada yangu, zikapanda mtumbwi mpaka Chole, zikarudi na mchanga. Tulizifuta kwa kitambaa laini, mashine ikazisoma tena.

Ndipo kaka yangu aliyeko Muscat akapiga simu. "Dada, diski za nini zama hizi? Mimi nitamlipia mpwa wangu kila mwezi, afunguliwe ghala zima." Kampuni moja ya gemu ilikuwa na mpango wa namna hiyo: unalipa kwa mwezi, unapakua chochote kilichomo ghalani mwao. Akaunti ilibidi iwe ya Oman, kwa kuwa Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation. Basi kadi ya benki ikawa ya kaka, mjomba wa watoto, anwani ya mjomba, na nywila akaihifadhi mjomba. Kijana wangu, miaka kumi na mitano, akaona diski sasa ni mzigo. Ya magari na ya ngumi akamuuzia mwenye kibanda cha gemu pale karibu na soko, pesa akanunulia bando.

Mama mkwe wangu alikuwa ukumbini anakuna nazi. Akauliza huo mpango ukoje, akaelezwa, akasema: "Huo ni mnazi wa rehani. Utaangua madafu mpaka uchoke, lakini mti si wako. Siku mwenyewe akiutaka, unashuka."

Wakati ule sikukubaliana naye, na hata leo sikubaliani naye kwa yote. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuigusa mashine ile, maana mpira na ngumi havimvutii. Ghalani akakuta gemu la kujenga mji: unachora barabara, unavuta maji, unapanga wapi pawe na shule. Kabla ya hilo alijaribu mengine matatu, hayakumpendeza, akayaacha bila hasara. Gemu jipya huko nje huuzwa dola 60 au 70. Nani angemnunulia mtoto magemu manne ya bei hiyo ili apate moja analolipenda? Kwa mchezaji ambaye bado hajajua moyo wake uko wapi, malipo ya mwezi ni mlango wa kweli, na mzazi anayemfungulia mwanawe mlango huo simlaumu.

Lakini ghala linafikiwa kwa bando. Gemu moja la magari lilipita gigabaiti 50. Usiku mmoja nililala na bando la wiki nzima kwenye simu, nikaamka sina kitu. Biashara yangu ya samaki inategemea simu hiyo. Mteja wa Dar alinitafuta asubuhi ile kwa ujumbe, hakunipata, akanunua kwingine.

Kisha ukaja mwezi Mei. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikatufikia, vyombo havikuvuka, nyumba ikawa giza. Umeme uliporudi watoto wakacheza siku chache. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota nchi nzima. Katikati ya shida hiyo mwezi wetu ukamalizika. Mjomba alikuwa ameshalipa. Mashine ilitakiwa ipate mtandao ithibitishe, haikuupata, ikaweka kufuli kwenye kila gemu. Mji wa binti ulikuwamo mle mle, umehifadhiwa na barabara zake zote, na hakuna wa kuufungua.

Kijana akamlaumu mdogo wake kwa kumaliza bando, mdogo mtu akamwuliza diski ziko wapi, na baba yao aliporudi kutoka baharini akawakuta hawasemeshani. Nilikwenda kibandani kuzikomboa diski. Moja ilikuwa imeshavunjika, nyingine mwenye kibanda hakutaka kuiachia kwa bei aliyoinunulia, na sikuona kosa lake.

Mtandao ulipotengemaa nilikaa nikasoma habari za mipango hii. Electronic Arts walianzisha wa kwao 2014, Microsoft wakafuata na Game Pass 2017. Kilichonikosesha usingizi ni The Crew, gemu la magari la Ubisoft. Hilo watu walilinunua, wengine kwa diski kabisa, lakini halikuweza kuchezwa bila seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, diski zikabaki visahani vitupu. Baadaye mwaka huohuo California wakapitisha sheria: anayeuza gemu la kupakua asiseme "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni tu.

Nilimsomea mama mkwe. Akaacha kukuna nazi. "Kwa hiyo hata aliyenunua mti wanamshusha?" Nikamwambia ndiyo. Hilo lilimuuma kuliko rehani, maana rehani angalau wameelewana tangu mwanzo.

Tumemwomba mjomba asilipie tena kila mwezi. Kijana alinuna wiki nzima, kisha akaichomeka diski ya mpira, ile pekee iliyosalimika kwa kuwa siku ya mauzo ilikuwa Utende. Inachezwa bila mtandao. Binti ameuliza gemu la mji likinunuliwa lenyewe ni kiasi gani, na kama litafunguka hata siku ambayo hakuna intaneti. La kwanza mjomba amemjibu. La pili tulilijaribu kwa gemu jingine dogo tulilolinunua kwanza: tulizima mtandao, tukawasha mashine, sote wanne tukasogea mbele ya televisheni. Likafunguka. Sasa anaweka akiba, na ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hisabati una ramani ya mji, pamoja na kivuko.