Sultani na Kanzu ya Ijumaa

Paka wetu Sultani ana beseni lake la mchanga kando ya mlango wa uani. Haja kubwa huifanyia humo na kuifukia kwa adabu. Mkojo una njia zake. Ulianzia kwenye pazia, ukafika kwenye makochi, na Ijumaa moja ukaikuta kanzu ya mume wangu imetundikwa, pasi bado haijapoa. Siku hiyo alikwenda msikitini na shati la kazini, na aliporudi hakusema na mtu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mtetezi wa Sultani. Mate ya paka si najisi, sote tulifundishwa hivyo chuoni. Ila mkojo una hukumu yake, na Sultani alipourashia msala ulioning'inia kitini, Mama alivua kandambili.

Shemeji akashauri tumwage dawa ya kung'arishia nguo. Amonia ya mkojo ikikutana na klorini ya dawa hiyo hutoa hewa ya sumu. Tulitoka mbio barazani, tunakohoa na kutoa machozi hata majirani wakaja kuuliza nani kafariki. Hata maji na sabuni havitoshi, kwa kuwa asidi ya yuriki iliyomo mkojoni haiyeyuki kirahisi. Unasugua, unashukuru, kisha unyevu wa masika unaifufua harufu yote.

Daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe akaja, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: anachuchumaa au anasimama? Dume anayechuchumaa, akajikamua na kisitoke kitu, huenda njia ya mkojo imeziba na anaweza kufa siku si nyingi. Huyo hukimbizwa kwa daktari saa ile ile. Wetu husimama wima, mkia ukitetemeka, akarashia nyuma. Anaweka mipaka, kwa sababu dume wa jirani hupita ukutani kila usiku.

"Ahasiwe," akasema daktari. "Wengi huacha."

Sebule ikanyamaza. Mume wangu, ambaye kanzu yake ilikuwa ingali kwenye ndoo, akasema huo ni ukatili.

"Na kanzu?"

"Kanzu hufuliwa."

Shemeji akamuunga mkono, akakunja miguu. Ami yao, ambaye asubuhi alitaka paka atiwe guniani akatupwe Kongowea sokoni, sasa alizungumzia haki za viumbe.

Mama mkwe akafungua fundo la leso, akatoa noti.

"Daktari mwanangu, na huyo wa jirani, ukiwafanya wote wawili utatupunguzia?"