Kadhia ya Tundu la Sabufa

Katika mitaa ya Ngamiani, Tanga, kitu kilichoundwa vizuri kisha kikaachwa na tundu huhesabiwa kuwa kina maradhi, na kila apitaye, awe mzee au mtoto, hujiona ana wajibu wa kukiuguza. Hukumu hii siitoi kwa dhana. Naitoa baada ya kukaa nyumba moja na sanduku la sabufa ambalo tundu lake lilikatwa kwa makusudi, likapimwa kwa hesabu na kutiwa bomba la plastiki la inchi 4, lakini ambalo, tangu lilipovuka kizingiti chetu, halikupata kuachwa wazi kwa salama.

Insafu yataka niseme kwanza tundu hilo lina kazi gani, maana wageni wengi wamekwisha kunipa pole. Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekuwa tabibu wa jeshi kabla hajajulikana kwa fizikia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi hewa iliyofungiwa ndani ya chombo chenye mdomo mwembamba inavyokuwa na sauti yake moja iipendayo, ile ile aitoayo mtoto apulizapo juu ya mdomo wa chupa ya soda: hewa ya shingoni husukumwa ikaingia, ya tumboni hukataa kubanwa ikairudisha nje, na huko kwenda na kurudi ndiko mlio wenyewe. Mwaka 1930 Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, akaomba hataza ya sanduku la spika lenye mdomo wa namna hiyo, akapewa mwaka 1932, hoja yake ikiwa kwamba sauti ya mgongoni mwa spika, ambayo aghalabu hupotea bure ndani ya mbao, yaweza kugeuzwa ikatoka nje na kuisaidia ile ya mbele. Kisha huko Australia Neville Thiele, mwaka 1961, na Richard Small, katika miaka ya 1970, wakaitoa kazi hiyo katika bahati nasibu wakaifanya hesabu ya kalamu. Wote hawa ni watu wa elimu kubwa, wala sina la kuwatoa kasoro ila moja: hakuna hata mmoja wao aliyemtia mama mkwe katika hesabu zake.

Sanduku langu lilikuwa la lita 60, bomba lake upana wa sentimita 10 kwa ndani na urefu wa sentimita 31, ambao, ukiongeza ile hewa ya midomoni inayosogea pamoja na ya bombani ijapokuwa iko nje yake, huwa kama sentimita 38. Na vipimo hivyo vikikutana hutoa mitetemo 32 kwa sekunde. Sikuichagua hesabu hiyo kwa kiburi. Tanga ni mji ambao taarabu yake, zama za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ililikaribisha gitaa la besi likakaa na ngoma bila ya kuoneana haya, na uzi mnene wa gitaa hilo hutetema mara 41 kwa sekunde. Nami nilitaka uzi ule uniingie ukumbini mzima mzima, na chini yake ibaki nafasi, kwa sababu chini ya sauti ya sanduku hewa haiishiki tena karatasi ya spika, nayo huruka ovyo hata ikajiua. Ukilifupisha bomba, sauti ya sanduku hupanda, ukilirefusha, hushuka, ukiliziba, huna tena sanduku la Thuras, una kasha.

Fundi seremala wetu, mtu wa heshima ambaye milango yake haikwami hata wakati wa masika, alivipokea vipimo vyangu kwa taadhima, akafuata kila sentimita, na siku ya kulileta sanduku akasimama kando akitabasamu, akingoja kusifiwa. Pale palipopasa kuwa na tundu palikuwa na kisahani cha mninga, kimepigwa msasa na vanishi, kimeingia sawasawa hata ukucha usipate pa kupita.

"Fundi, tundu liko wapi?"

"Nimelisitiri, mwalimu. Niliona kama nafasi ya spika ya pili uliyoghairi kuinunua, nikasema mwalimu wetu asije akachekwa. Kuziba sikutozi."

"Lakini tundu lile ndilo litoalo besi."

Akanitazama kwa huruma. "Sauti iko kwenye spika, mwalimu. Tunduni mna hewa tu."

Maneno hayo, ukiyatafakari, ni fizikia sahihi kabisa, na ndiyo maana yaliniudhi. Tulipoliwasha, besi ilikuwa imekonda, ikasikika kama mtu aongeaye akiwa amefumba mdomo kwa adabu. Kisahani kikatolewa, lakini kwa ujira, kwani kwa fundi yule kuziba ni ihsani na kuzibua ni kazi.

Ya watoto nayapita upesi: kokwa za embe, ndala ya mguu mmoja, na daftari la hesabu lililokuwa likitafutwa na shule nzima. Ya mama mkwe ndiyo yanayohitaji kituo. Usiku wa kwanza aliinama mbele ya sanduku, akaweka kiganja penye tundu, akakiondoa.

"Mwanangu, sanduku lako linapumua."

"Naam, mama, ndivyo lilivyokusudiwa."

Nikamwonyesha jinsi wimbo ushukapo karibu na ile sauti ya 32 karatasi ya spika inavyotulia hata ukadhani imelala, ilhali kazi karibu yote inafanywa na hewa ya bombani. Alisikiliza kwa subira, akasema chenye kupumua hufunikwa kikilala, akakunja kanga akaisokomeza humo. Na tangu usiku huo nyumba ikawa na sanduku la Thuras mchana na kasha usiku.

Basi siku walipokuja watu wa upande wa pili kuleta mahari ya shemeji yangu, mama alipata fikira ambayo hata sasa siwezi kuikosoa kwa haki. Maadamu sanduku lapumua, alisema, na lipumue kwa manufaa. Akaitoa kanga na kukiweka chetezo cha udi mbele ya tundu. Mwanzo mambo yalikuwa ya kupendeza mno: moshi ulitoka kwa mapigo, pumzi moja kwa kila dundo la besi, ukaelea juu ya makofia, na wazee wakapeana macho ya kuridhika. Lakini mpwa wangu, aliyekabidhiwa amplifaya, alipofika kwenye wimbo aupendao akaiongeza; na wajuzi hutahadharisha kwamba hewa ya bombani ikishapita mwendo wa mita 17 hivi kwa sekunde huanza kufoka. Ikafoka. Majivu yote ya chetezo yaliondoka kwa pamoja, yakatua juu ya kanzu ya ami yake bwana harusi, kanzu nyeupe ya darizi, kuanzia kifuani hata magotini. Kimya kikaingia. Mzee yule akajipangusa ndevu polepole, akasema, "Nimefukizwa udi tangu utotoni, lakini sijapata kufukizwa kwa ngoma." Mahari ilipokewa.

Baada ya siku hiyo kanga ilirudi tunduni kwa amri, ikakaa mchana na usiku, mpaka paka wa nyumba alipoivuta nje kwa kucha zake, akaingia na kuzaa humo ndani. Nilifanya hesabu mara moja. Paka wa kilo 3 huchukua nafasi ya lita 3 hivi. 60 hubaki 57. Sauti ya sanduku hupanda kutoka 32 ikakaribia 33, tofauti ambayo sikio la binadamu halina haja ya kuilalamikia. Nilimpasha mke wangu habari hizo njema. Akanijibu kwamba hakuna atakayewasha chochote mpaka watoto wa paka wafumbue macho, na kwamba hata baada ya hapo wataulizwa kwanza.

Walipofumbua, mama yao, pasipo kuambiwa na mtu, akawatoa mmoja mmoja kwa ukosi akawahamishia katika kabati la mama mkwe, juu ya doti za kanga ambazo hazijavaliwa. Mama aliwarudisha sandukuni jioni. Usiku paka akawapeleka tena kabatini. Huo ndio wakati ambapo mama mkwe, aliyekuwa hakuvutwa na Helmholtz wala na Thiele, alianza kulitetea tundu langu kwa ukali usio na kifani, asubuhi akilifuta vumbi, mchana akilipitia kuona kama li wazi, na hata fundi alipokuja na kile kisahani cha mninga mkononi, akisema amesikia paka wanatusumbua naye yu tayari kuziba bila ya malipo, akapokewa mlangoni.

"Rudi nacho, fundi. Tundu lile lina wenyewe."

Hakurudi nacho. Alikiacha barazani kwa hasira, na leo kimekaa barabara mdomoni mwa gudulia la maji ya kunywa, ambalo, kwa kanuni zile zile za mwaka 1863, nalo lilikuwa na sauti yake.